Mgeni na Utulivu wa Kisiwa

Safari ina faida nyingi, na iliyo kubwa katika hizo ni kumtoa mtu katika nyumba ya mazoea yake. Mtu asiyeondoka kwao huamini kuwa saa ya kwao ndiyo saa ya dunia, na kuwa chakula cha kwao ndicho chakula cha wanadamu. Akisafiri, hutambua kuwa dunia ina saa nyingi na vyakula vingi. Ndiyo sababu wazee walisema, tembea uone. Lakini wazee hawakusema kuwa kila atembeaye huona. Kutazama ni jambo moja na kuona ni jambo jingine, na tofauti ya mambo haya mawili hudhihirika sana katika kisiwa kidogo chenye utulivu, mahali ambapo mgeni hufika amechoka akaondoka ameridhika. Nataka kuuliza hapa swali moja: utulivu ule aufurahiao mgeni ni mali ya nani, naye mgeni ana haki gani juu yake?

Mfano ulio karibu nasi ni visiwa vya Ziwa Victoria katika kaunti za Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na katika hizo Kenya ina sehemu kama sita tu kwa mia. Lakini sehemu hiyo ndogo imejaliwa visiwa vya sifa mbalimbali. Rusinga ni jirani ya mji wa Mbita, nacho kimeunganishwa na nchi kavu kwa daraja. Magharibi yake ni Takawiri, chenye ufuo wa mchanga mweupe. Na mbele zaidi ni Mfangano, kisiwa cha milima kisichokuwa na daraja, ambacho watu wengi hukifikia kwa mashua. Kusini, katika maji ya Migori, ni Migingo, jabali dogo kuliko kiwanja cha mpira.

Mgeni ashukaye Mfangano wakati wa adhuhuri hukuta mambo ya kupendeza moyo. Upepo hutoka ziwani ukapunguza ukali wa jua. Mitumbwi imelala ufuoni, na nyavu zimetandazwa zikauke. Chini ya miti wanaume wamejinyosha, wengine wakizungumza kwa sauti ndogo, wengine wamelala usingizi mzito. Mbuzi hupita njiani bila hofu ya kugongwa. Hapana msongamano, hapana mbio, hapana mtu aangaliaye saa. Mgeni aliyetoka Nairobi au Kisumu, ambaye masikio yake yamejaa honi na kichwa chake kimejaa hesabu, huhisi kana kwamba mzigo umetuliwa mabegani mwake.

Katika hali hiyo wageni hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye dharau. Hawa huwatazama wale waliolala chini ya miti wakasema kuwa watu wa hapa ni wavivu, na kwamba umaskini wao ni tunda la usingizi wao. Kundi la pili ni la wenye sifa. Hawa husema kuwa watu wa hapa wamebarikiwa, hawana haja ya fedha wala haraka, nao wanaishi kama walivyoishi watu wa kwanza katika bustani. Makundi haya hudhaniwa kuwa maadui, kwa kuwa moja linalaumu na jingine linasifu. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamehukumu usiku wa watu kwa kutazama mchana wao.

Katika ziwa hili yuko samaki mdogo ambaye Waluo humwita omena, na ambaye wengine humwita dagaa. Samaki huyu huvutwa na mwanga. Basi wavuvi hutoka giza linapoingia, hasa katika siku ambazo mwezi hauonekani, wakaziweka taa zao juu ya maji na kungoja. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi hutumia betri na umeme wa jua. Atazamaye kutoka mlimani huona taa nyingi zikimeta gizani, akadhani kuwa mji mzima umejengwa juu ya maji. Mji huo hauna kuta wala paa, na wakazi wake hukesha wameloa.

Tena ziwa lina tabia ya kugeuka usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo ukageuka, ukaenda ziwani kutoka pande zote. Hewa hiyo hukutana juu ya maji, hupanda, ikazaa mawingu, radi na dhoruba. Kwa hiyo saa ya kazi ya mvuvi wa omena ndiyo saa ya hatari ya ziwa. Kulipopambazuka, kazi huhama mikononi mwa wanaume ikaingia mikononi mwa wanawake. Wao huwaanika omena juani na kuwageuza, huku wakiangalia mawingu. Maana mvua moja ikinyesha, samaki waliokuwa chakula cha watu huharibika, wakauzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku.

Sasa turudi kwa yule aliyelala chini ya mti wakati wa adhuhuri. Si mvivu, wala si mtu wa bustani ya kwanza. Ni mtu aliyekesha. Utulivu anaoukuta mgeni si hewa iliyoota yenyewe kisiwani kama nyasi. Ni pumziko la watu, nalo limenunuliwa kwa usiku wao. Aliyemwona mtu akilala asimwone akikesha ameona nusu ya mtu, na hukumu ijengwayo juu ya nusu ya mtu haiwezi kusimama.

Anayetaka ushahidi zaidi na aelekee Migingo. Kisiwa hiki hakifiki nusu eka, lakini mamia ya watu wameishi juu yake katika vibanda vya mabati vilivyobanana hata havina nafasi ya ua. Jirani yake kipo kisiwa kikubwa zaidi cha Usingo, ambacho hakikupata msongamano huo. Watu walikwenda Migingo kwa sababu ya sangara, yule samaki mkubwa ambaye wenyeji humwita mbuta, apatikanaye katika maji ya karibu. Kwa ajili ya utajiri huo Kenya na Uganda zilizozana juu ya jabali hilo, na mzozo ukapamba moto mwaka 2009. Migingo ni kisiwa kidogo cha nchi za joto, kimezungukwa na maji mazuri, na upepo wake ni ule ule wa Mfangano. Lakini hapana mtu akiitaye mahali pa kupumzikia. Udogo wa kisiwa na uzuri wa maji, basi, havileti utulivu. Utulivu huletwa na namna watu waishivyo, na namna waruhusiwavyo kuishi.

Liko kosa jingine ambalo mgeni hulitenda bila kukusudia, nalo ni kudhani kuwa mahali palipo kimya ni mahali patupu. Husema kuwa hapa hapakutokea neno lolote. Lakini katika Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alivumbua fuvu la kichwa la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kiasi cha milioni 18 iliyopita, na uvumbuzi huo ulisomwa na wataalamu wa dunia nzima. Katika kisiwa hicho hicho amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, mtu aliyekuwa miongoni mwa wale waliofanya mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya kwa ndege kusoma Marekani kuanzia mwaka 1959. Katika Mfangano kuna mapango ya Mawanga na Kwitone, ambamo watu wa kale walichora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Na wakazi wa kisiwa, Waabasuba, wana mapokeo ya babu zao waliovuka maji kutoka upande wa Uganda. Lugha yao ya Kisuba imepungua sana midomoni mwa watoto, ambao wengi wao husema Dholuo. Mgeni anaposikia kimya pale, yamkini asikiacho ni lugha inayonyamaza. Je, huo nao ni utulivu wa kufurahiwa?

Hapa tunafika katika kiini cha swali letu. Mgeni aliyependezwa na kisiwa aghalabu huondoka na ombi moja moyoni: laiti mahali hapa pangebaki vivi hivi siku zote! Ombi hili lina sura ya upendo, na wengi hulisema kwa nia njema. Lakini hebu tulipime. Kubaki vivi hivi maana yake ni kwamba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ambaye uzazi wake umekwama, angojee dhoruba ipite ndipo mashua impeleke hospitali. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye akili asome kwa taa hafifu, na kwamba mvuvi asiyekuwa na barafu auze samaki wake kwa bei ya yule mnunuzi wa kwanza, kwa hofu ya kuoza. Mgeni hayaombi hayo. Lakini ayaombayo hayawezi kuja bila hayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni hukilalia kitanda cha kisiwa siku mbili, tena kwa shuka safi, kisha akaomba kisibadilishwe.

Basi, je, ni vema mgeni aombe kinyume chake, yaani kisiwa kibadilishwe upesi kifanane na mji? Historia ya ziwa hili yatuonya. Katika miaka ya 1950 sangara aliletwa na kutiwa katika Ziwa Victoria, ambamo hakuwamo hapo kwanza. Waliopendelea jambo hilo walitumaini mavuno makubwa na mchezo mzuri wa kuvua. Mavuno yalikuja kweli: sangara akauzwa nchi za mbali, viwanda vikajengwa, watu wengi wakapata kazi. Lakini sangara ni mlaji mkubwa. Kufika miaka ya 1980, aina nyingi mno za samaki wadogo wa ziwa hili, ambao Waluo huwaita fulu, zilikuwa zimepungua au kutoweka. Mvuvi aliyekuwa amezoea samaki wa babu yake akaamka siku moja akakuta ziwa jingine. Hakuulizwa. Gharama ikaingia nyumbani mwake pamoja na faida, bila yeye kuketi katika baraza lililopima hii na ile.

Mfano wa pili ni ile njia ya kwenda Rusinga. Katika miaka ya 1980 mlango mwembamba wa maji kati ya Mbita na kisiwa ulijazwa mawe na udongo, ikapatikana barabara ya kupita magari. Faida yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyepata kumbeba mgonjwa. Lakini boma lile lilizuia maji yasipite kama yalivyopita zamani, na samaki wakazibiwa njia yao. Malalamiko yakadumu miaka mingi. Baadaye, katika miongo ya karne hii, daraja lilijengwa ili watu wapite juu na maji yapite chini. Tazama hekima iliyomo katika jambo hilo. Kosa halikuwa kutaka barabara, wala dawa haikuwa kuivunja barabara ili kisiwa kirudie upweke wake. Dawa ilikuwa kuyasikiliza mahitaji mawili kwa pamoja: hitaji la mtu la kuvuka na hitaji la maji la kupita. Na habari za mahitaji yote mawili walikuwa nazo wenyeji tangu mwanzo.

Kutokana na mifano hii twaweza kutoa kanuni. Atakaye kisiwa kisibadilike kamwe na atakaye kibadilike upesi huweza kuwa na kosa moja, nalo ni kuwaamulia watu jambo ambalo gharama yake italipwa na watu hao. Utulivu wa mahali ni mali ya wale wanaoulipia. Mgeni hupewa sehemu yake kama mtu apewavyo maji ya kunywa katika nyumba ya watu: hunywa akatosheka, akashukuru, lakini kiu yake haimpi haki ya kuamua kisima kichimbwe wapi.

Labda msomaji atauliza: je, uzuri wa dunia si wa wote? Jua likitua nyuma ya milima ya Mfangano, je, linatua kwa ajili ya Waabasuba peke yao? Swali hili ni la haki. Jua halina mwenyewe, na mtu aliyechoka hana kosa kutafuta mahali pa kupumzika. Mwili wenyewe humdai. Lakini mahali mtu asimamapo akilitazama jua pana mwenyewe. Uzuri ni wa wote. Ufuo una watu wake. Na mtu akitumia ufuo wa watu kulitazama jua la wote, adabu aliyopewa jua haitoshi. Ufuo nao unadai adabu yake.

Mwingine atauliza: je, mgeni akiona wenyeji wakijidhuru, wakivua kwa nyavu zenye matundu madogo mno zikasomba hata vifaranga vya samaki, au wakikata miti ya mlimani hata udongo ukaporomoka ziwani, anyamaze kwa kuwa ni mgeni? La, kunyamaza kwa namna hiyo si heshima bali ni kutojali. Mgeni ana ulimi, na mara nyingine mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kuna tofauti kati ya kusema na kuamuru. Anayesema kwa haki kwanza husikiliza. Huuliza kwa nini wavu ule umetumika, na huenda akajibiwa kuwa nyumbani wako watoto sita na shule imedai ada. Kisha husema alijualo. Na mwisho huuliza yeye mwenyewe atachukua sehemu gani ya mzigo. Ushauri ambao mshauri hautoi jasho naye ni rahisi kutolewa, na kwa sababu hiyo ni mzito kupokewa.

Basi mgeni anadaiwa nini? Wazee wetu walilijibu swali hili kwa methali inayojulikana na kila mtoto: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huicheka methali hii kama kwamba ni ya kufukuzia wageni. Mimi naiona kuwa ni ya heshima kuu. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kuwa sasa umekuwa mmoja wetu kiasi cha kuijua kazi yetu. Msafiri asiyeweza kukaa siku ya tatu hawezi kushika jembe, wala hapana atakayemtia mtumbwini usiku avute wavu; lakini aweza kuijua kazi ilipo na kuipa haki yake. Na ampe mwenye mashua nauli kamili bila kumbana, huku akikumbuka kuwa bei ndogo kwake ni chakula cha nyumba ya mwingine. Na aombe ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu aliyelala, kama ambavyo yeye asingependa kupigwa picha kitandani mwake. Na aingiapo pango la michoro, aingie kama aingiavyo mahali pa ibada, wala asiandike jina lake ukutani. Maana walioweka alama zile hawakuandika majina yao, nazo zimedumu. Na arudipo kwao, asimulie usiku pamoja na mchana. Atakayesimulia upepo na mchanga tu, akaziacha taa zilizokesha, amewanyima wenyeji wake haki, hata kama maneno yake yote ni ya sifa.

Kijana usomaye, huenda hujapata kuvuka kwenda Mfangano au Takawiri, na huenda umezaliwa huko huko. Kama hujavuka, vuka utakapojaliwa. Kifungu hiki hakikuandikwa ili kukuzuia safari. Kama umezaliwa huko, usiione haya kwa usingizi wa baba yako wakati wa adhuhuri, wala usilewe sifa za mgeni hata ukadhani kuwa hukuhitaji hospitali na taa. Na popote ulipozaliwa, ijue kanuni hii, kwa kuwa si ya visiwa peke yake. Kila mtaa unaoupita na kila nyumba unayokaribishwa vina mchana unaouona na usiku usiouona. Binadamu hatuwezi kukesha katika kila usiku wa wenzetu. Lakini twaweza kujua kuwa upo, na kwa ajili ya ujuzi huo kuzuia ulimi usihukumu upesi, mkono usichukue kilichozidi, na moyo usiombe mambo ambayo gharama yake italipwa na mwingine. Hiyo ndiyo adabu ya mgeni. Na kwa kuwa sisi sote ni wageni mahali fulani, hakuna asiyeihitaji.